Faiba au mnara: kuchagua intaneti ya nyumbani kwa ajili ya kusikiliza muziki

Bongo Fleva, taarabu, singeli, dansi na nyimbo za injili sasa hupatikana kwenye programu kama Boomplay, Audiomack, Spotify na YouTube, na msikilizaji wa Kigoma huusikia wimbo mpya saa ileile unapotolewa Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, swali ambalo zamani lilikuwa la ofisi na hoteli limeingia sebuleni: je, nyumba iunganishwe kwa waya, yaani faiba inayofikishwa hadi ukutani, au itumie intaneti isiyo na waya inayotoka kwenye mnara wa simu?

Jibu ambalo wananchi wengi hupewa dukani ni kuchukua huduma yenye kasi kubwa zaidi wanayoweza kuilipia. Kwa kaya ambayo matumizi yake makubwa ni muziki, jibu hilo ni la gharama na halina msingi wa kitaalamu, kwa kuwa muziki ni mzigo mwepesi kwa mtandao wowote unaofanya kazi sawasawa. Kinachopaswa kuamua ni kiasi cha data kinachotumika kwa mwezi, uthabiti wa mawasiliano nyakati za jioni, hali ya umeme, na iwapo kaya inaishi katika nyumba yake au imepanga.

Mzigo wa muziki kwa hesabu

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali kifurushi huuzwa kwa megabaiti au gigabaiti. Baiti moja ni biti 8. Vipimo hivi viwili hufanana kwa jina na kwa kifupisho, na kuvichanganya ndiko huwafanya wateja wengi kudhani kwamba kasi kubwa ina maana ya kifurushi kikubwa.

Spotify, iliyofunguliwa rasmi nchini mwaka 2021, ni mfano mzuri kwa sababu huweka wazi viwango vyake. Sauti ya ubora wa chini kabisa hutumia takriban kilobiti 24 kwa sekunde, ya kawaida 96, ya juu 160, na ya juu zaidi 320 kwa wanaolipia. Kwa hesabu ya saa moja, kilobiti 96 ni sawa na megabaiti 43, kilobiti 160 ni megabaiti 72, na kilobiti 320 ni megabaiti 144. Wimbo wa dakika nne katika kiwango cha juu zaidi hutumia chini kidogo ya megabaiti 10. Utenzi wa taarabu wa dakika 12 hukaribia 29. Sauti ya kiwango cha CD ambayo haijapunguzwa chochote huhitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde, na hata ikibanwa bila kupoteza ubora bado inaweza kutumia megabaiti 300 hadi 450 kwa saa.

Chukulia kaya ya watu wanne. Mama husikiliza kwa saa tatu kwa siku akiwa jikoni na kwenye cherehani, katika kilobiti 160. Vijana wawili husikiliza kwa saa nne kila mmoja, katika kilobiti 320. Baba husikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya kawaida, ambayo haitumii data hata kidogo. Kaya hiyo hutumia takriban megabaiti 1,368 kwa siku, yaani gigabaiti 41 kwa mwezi. Sasa itazamwe kasi: wote watatu wakisikiliza kwa wakati mmoja, wanahitaji chini ya megabiti 1 kwa sekunde.

Hapo ndipo kiini cha uchaguzi kilipo. Kaya hii ina haja kubwa ya wingi wa data na haja ndogo mno ya kasi. Huduma ya megabiti 10 kwa sekunde, ikifika nyumbani kwa ukamilifu wake, ingeweza kinadharia kubeba wasikilizaji 31 wa kiwango cha juu zaidi kwa mpigo. Kulipia megabiti 50 kwa ajili ya muziki ni sawa na kukodi lori kubeba kikapu.

Vijana hao wawili wakishusha ubora hadi kilobiti 160, matumizi ya kaya hushuka hadi gigabaiti 24 kwa mwezi. Kaya yote ikisikiliza katika kiwango cha kawaida cha 96, matumizi ni gigabaiti 14. Tofauti ya sauti kati ya 160 na 320 ni vigumu kuitambua kwenye spika ya simu au spika ndogo ya bluetooth. Ikumbukwe pia kuwa bluetooth ya kawaida hubana sauti upya kabla ya kuifikisha kwenye spika, hivyo anayelipia muziki wa ubora wa CD kisha akausikilizia kwenye spika ya aina hiyo halipati lile alilolilipia.

Hesabu hubadilika kabisa pale muziki unapochezwa kwenye YouTube kwa njia ya video. Saa moja ya video ya ubora wa wastani inaweza kumaliza megabaiti 300 au zaidi, hata kama simu imelazwa kifudifudi na hakuna anayeitazama. Kaya nyingi zinazolalamika kuwa kifurushi kinaisha haraka zinasikiliza muziki kwa njia hii. Kushusha ubora wa picha hadi kiwango cha chini kabisa, au kuhamia kwenye programu ya sauti pekee, huokoa data kuliko kubadilisha mtoa huduma.

Waya unapofika nyumbani

Faiba ni uzi wa kioo unaosafirisha mawasiliano kwa mwanga. Kutoka kituo cha mtoa huduma, uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba kadhaa, mara nyingi 32 au 64, na kila nyumba hufungiwa kifaa kinachogeuza mwanga kuwa mawasiliano ya kawaida ya kompyuta. Katika teknolojia inayotumika zaidi, uzi huo hubeba takriban megabiti 2,500 kwa sekunde kuelekea kwa wateja. Hata nyumba zote 64 zikitumia kwa wakati mmoja, mgawo wa kila moja ni karibu megabiti 39. Ndiyo maana huduma ya waya hubaki ileile asubuhi na jioni, mvua ikinyesha na jua likiwaka, ilimradi mtoa huduma hajazidisha wateja kwenye njia yake kuu.

Faida kubwa zaidi kwa msikilizaji wa muziki, hata hivyo, iko katika namna ya kuuza. Huduma za faiba kwa kawaida huuzwa kwa kasi na kwa malipo ya mwezi, bila kuhesabu gigabaiti, tofauti na vifurushi vingi vya mnara vinavyouzwa kwa kiasi na kwa muda. Kaya ya gigabaiti 41 iliyotajwa hapo juu haina sababu ya kuhofia mwisho wa mwezi ikiwa na waya, na kifurushi kidogo kuliko vyote katika orodha ya bei kinaitosha. Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, huuza huduma ya aina hii kwa jina la Faiba Mlangoni Kwako, na yako makampuni binafsi yanayofanya hivyo katika miji mikubwa.

Udhaifu wa waya nao ni wa kweli. Kwanza, haufiki kila mahali. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita katika mikoa, lakini kati ya Mkongo na nyumba ya mwananchi inabaki safari ya mwisho ambayo mtoa huduma huijenga pale anapoona wateja wa kutosha. Mtaa mmoja unaweza kuwa na faiba na mtaa wa pili ukakosa. Pili, waya hukatika. Upanuzi wa barabara, uchimbaji wa mitaro ya maji na magari marefu yanayokwaruza nyaya za juu huweza kuiacha nyumba bila huduma hadi fundi afike. Tatu, waya haubebeki. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita na hana uhakika wa kuendelea anapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kulipia gharama za kuunganishwa, na anahitaji ridhaa ya mwenye nyumba kabla ya ukuta kutobolewa.

Intaneti ya mnara

Kwa sehemu kubwa ya nchi, hasa vijijini, mjadala wa waya bado haujafika, na huduma iliyopo ni ya mnara. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Mahali penye mnara wa 4G unaofanya kazi vizuri, msikilizaji wa muziki hana upungufu wa kasi. Hata 3G, isipokuwa imelemewa, hubeba sauti ya kilobiti 160 bila shida.

Muziki una sifa moja inayoufanya upatane na mawasiliano yasiyo na waya. Programu huchukua sehemu ya wimbo mapema na kuiweka akiba kwenye kumbukumbu ya simu kabla msikilizaji hajaifikia. Mawasiliano yakiyumba kwa sekunde chache, wimbo huendelea kutoka kwenye akiba hiyo. Anayezungumza kwa simu ya video hana akiba, naye huathirika mara moja. Vivyo hivyo mchezaji wa michezo ya kompyuta, anayesumbuliwa na ucheleweshaji wa hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo mapungufu mengi yanayotajwa dhidi ya intaneti ya mnara ni mapungufu ya haki, lakini hayamhusu sana mtu wa muziki.

Linalomhusu ni msongamano. Mnara hugawana uwezo wake kwa watu wote waliomo katika eneo lake, wakiwemo wapita njia na abiria wa daladala. Kati ya saa 1 na saa 4 usiku, watu wakiwa wamerejea nyumbani, mgawo wa kila mmoja hupungua, na katika maeneo yenye watu wengi muziki huweza kukatika kila baada ya nyimbo mbili tatu. Kipimo cha kasi kilichofanywa saa 4 asubuhi hakimwelezi mteja chochote kuhusu jioni yake.

Kuna njia rahisi ya kujua ukweli kabla ya kununua ruta ya mnara. Mwananchi aazime simu yenye laini ya kampuni anayoikusudia, aiweke mahali hasa ambapo ruta itakaa, kisha apige muziki kwa saa moja, usiku, kwa siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa mwisho wa wiki. Wimbo usipokatika, huduma inamfaa. Ukikatika, ajaribu dirisha la upande wa pili au laini ya kampuni nyingine. Jaribio hili linagharimu megabaiti mia chache na lina thamani kuliko ramani yoyote ya matangazo, kwa sababu nyumba yenye kuta za tofali za saruji na paa la bati inaweza kuwa na mawasiliano hafifu ndani ilhali uwanjani simu inaonyesha alama zote.

Laini ya ruta husajiliwa kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa kama laini nyingine yoyote. Mwananchi asikubali kuuziwa ruta yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kupitia *106# anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Wi-Fi haimaanishi huduma isiyo na waya

Mafundi hukutana mara kwa mara na mteja anayesema ameachana na faiba kwa kuwa "Wi-Fi yake ni mbovu". Wi-Fi ni kipande kifupi cha njia, kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au spika, ndani ya nyumba. Kipo katika huduma zote mbili. Aliye na faiba naye humalizia safari hewani, na kipande hicho kikiwa dhaifu, waya bora kuliko zote hautamsaidia.

Kutofautisha hitilafu ni kazi ya dakika tano. Muziki ukicheza vizuri karibu na ruta na kukatika chumbani, tatizo liko ndani ya nyumba na mtoa huduma hahusiki. Ukikatika hata hatua mbili kutoka kwenye ruta, tatizo liko nje.

Ruta nyingi hurusha mawasiliano kwa masafa mawili: gigahezi 2.4, yanayopenya kuta vizuri zaidi lakini kwa kasi ndogo, na gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini inayochoka haraka mbele ya ukuta. Kwa muziki katika chumba cha mbali, 2.4 ndiyo ya kuchaguliwa, kinyume na ushauri unaotolewa kwa watazamaji wa video. Masafa hayohayo hutumiwa na bluetooth na tanuri la maikrowevu, hivyo spika iliyo kando ya tanuri linalofanya kazi inaweza kukatakata. Ruta iwekwe juu ya kabati, katikati ya nyumba, mbali na jokofu na kioo kikubwa. Ruta ya mnara ni tofauti: yenyewe inapaswa kukaa karibu na dirisha linaloelekea mnara. Redio au televisheni isiyohamishwa ikiwa na tundu la waya wa mtandao, waya wa mita chache kutoka kwenye ruta humaliza usumbufu wote.

Umeme na njia kuu

Ruta pamoja na kifaa cha faiba hutumia takriban wati 10 hadi 20. Kwa wastani wa wati 15 saa zote, hiyo ni karibu uniti 11 za umeme kwa mwezi, kiasi ambacho kaya ya matumizi madogo inapaswa kukiingiza katika hesabu yake ya LUKU. Umeme ukikatika, faiba yenyewe haiathiriki, kwa kuwa mwanga hauhitaji umeme njiani katika mfumo huu, lakini vifaa vya nyumbani huzimika. Betri ndogo ya volti 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta huweza kuviendesha kwa saa kadhaa. Simu ina betri yake, na minara mingi ina betri au jenereta, hivyo katika eneo lenye katizo la mara kwa mara msikilizaji wa mnara huwa na nafuu asiyoilipia zaidi.

Yapo matukio ambayo uchaguzi wowote haukingi. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti Tanzania na katika nchi jirani. Waliokuwa na faiba na waliokuwa na mnara waliathirika kwa pamoja, kwa sababu mnara nao, mbali na hatua ya mwisho ya hewani, hutegemea faiba ileile ya ardhini na baharini. Waliokuwa wamepakua nyimbo zao kwenye simu waliendelea kusikiliza. Programu nyingi huwaruhusu wateja wanaolipia kupakua muziki, na wimbo uliopakuliwa mara moja hautumii data tena hata ukisikilizwa mara 100. Kwa kaya inayorudia nyimbo zilezile kila siku, kupakua hupunguza bili kuliko hatua nyingine yoyote iliyotajwa katika makala haya.

Kabla ya kusaini

Neno "bila kikomo" lisomwe pamoja na masharti yake. Huduma nyingi zinazouzwa kwa jina hilo hushusha kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi. Kwa muziki, sharti hilo huenda lisiwe baya kama linavyosikika: kasi ikishushwa, kwa mfano, hadi nusu megabiti kwa sekunde, watu watatu bado wanaweza kusikiliza kwa kilobiti 160 kwa pamoja, ingawa video itakwama. Mteja aulize kwa maandishi kasi hushuka baada ya gigabaiti ngapi na hushuka hadi ngapi. Aulize pia muda wa mkataba, gharama ya kuvunja mkataba, mmiliki wa ruta huduma inapositishwa, na gharama ya kuhamisha huduma anapohama nyumba.

Wapangaji wanaoishi katika nyumba moja wanaweza kunufaika kwa kuchangia waya mmoja pale mkataba unaporuhusu, kwani kama ilivyoonyeshwa, wasikilizaji wengi hutoshea katika kasi ndogo. Kuwauzia majirani intaneti kama biashara ni jambo jingine, linalohitaji leseni. Vilevile, malipo ya mwezi ya programu ya muziki ni kwa matumizi binafsi. Mwenye saluni, baa au mgahawa anayeupigia wateja muziki anapaswa kuwasiliana na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kuhusu haki za wasanii.

Huduma isipolingana na mkataba, malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Yasiposhughulikiwa kwa kuridhisha, mteja anaweza kuyafikisha katika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo pia iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kutetea maslahi ya wateja. Mlalamikaji anashauriwa kutunza nakala ya mkataba, stakabadhi za malipo, kumbukumbu ya tarehe na saa ambazo huduma ilikatika, picha za vipimo vya kasi vilivyochukuliwa karibu na ruta, pamoja na nambari ya malalamiko aliyopewa na mtoa huduma alipotoa taarifa kwa mara ya kwanza.